Kuhesabu, kujitolea, kukaa kikaoni au kuanzisha wenyewe: njia nne za mwananchi wa Ziwa Victoria kuingia kwenye sayansi

Sangara aliletwa Ziwa Victoria bila mvuvi wa Ukerewe, Kome wala Musoma kuulizwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, maofisa wa uvuvi wa utawala wa kikoloni upande wa kaskazini mwa ziwa walibishana kama samaki huyo mkubwa, mla samaki wenzake, apandikizwe au aachwe alikotoka. Mwaka 1960 mtafiti Geoffrey Fryer aliandika akipinga. Wengine waliona furu wa asili wa ziwa ni visamaki visivyo na faida, heri viliwe na samaki mwenye soko. Wakati ubishi huo ukiendelea kwenye majarida, sangara walikuwa wameshaingia majini. Matokeo tunaishi nayo hadi leo: viwanda vya minofu, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) ya bei kubwa, ajira za watu wengi sana, na aina za furu zinazokadiriwa kufika 200 ambazo hazionekani tena.

Kama uamuzi ule ulikuwa mzuri au mbaya, watu wa kanda hii wanaweza kubishana mpaka kunakucha, na mimi sitaumaliza ubishi huo hapa. Kinachoniuma ni namna ulivyofanyika. Swali la kisayansi lililogusa sufuria za watu wa nchi tatu lilijibiwa na watu wachache ambao chakula chao hakikutegemea ziwa.

Leo mwananchi ana njia kadhaa za kuingia kwenye sayansi inayomhusu. Shida ni kwamba zote zinaitwa kwa jina moja, ushirikishwaji, na watu wanazichanganya. Mtu anaitwa ukumbini, anasaini mahudhurio, anapewa maji ya chupa na nauli, kisha ripoti inaandika kwamba jamii ilishirikishwa. Mwingine anapima samaki alfajiri kwa miaka mingi na hajawahi kuona karatasi hata moja ya majibu. Mwingine ametolewa damu. Hawa watatu hawajafanya kitu kimoja, na kikundi kinachotaka kutumia muda wake vizuri lazima kijue tofauti.

Kwa hiyo naziweka njia nne sambamba, na nazipima kwa maswali matatu. Nani kauliza swali la utafiti? Daftari linabaki kwa nani? Na jibu likipatikana, nani analazimika kulisikiliza?

Kuhesabu kwa ajili ya watafiti

Hii ndiyo njia inayofahamika zaidi mialoni, kwenye fukwe za kushushia samaki. Tangu mwaka 2000, Tanzania, Uganda na Kenya hufanya sensa ya uvuvi karibu kila baada ya miaka miwili, kwa uratibu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lenye makao yake Jinja. Huhesabiwa mialo, mitumbwi, injini, nyavu, ndoano na wavuvi wenyewe, ambao kwa ziwa zima ni zaidi ya 200,000. Kati ya sensa moja na nyingine kuna upimaji wa samaki wanaoshushwa, unaofanyika kwenye mialo michache iliyochaguliwa. Kazi ya kushika ubao na mizani huangukia vijana wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa uvuvi vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003, wakisaidiana na maofisa uvuvi na watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ambao kituo chao cha Mwanza kipo Nyegezi.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa kila mtumbwi. Mtumbwi wa sangara umeingia Kayenze, jua bado halijachomoza.

"Mwangaluka, mzee wangu. Naomba nipime hawa kabla hujawapeleka kwa wakala."

"Mwangaluka. Pima mwanangu, ila fanya haraka, barafu inayeyuka."

Kijana anamlaza samaki kwenye ubao wenye rula, mdomo ukigusa kizuizi, anasoma mpaka ncha ya mkia, anataja namba kwa sauti, mwenzake anaandika. Kisha mizani. Kisha maswali: mmevua kwa nyavu au ndoano, mmelala ziwani usiku mmoja au miwili, mlikuwa wangapi chomboni.

Sasa tazama kilichojificha kwenye daftari hilo. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kisheria. Nahodha mwenye samaki wa sentimita 40 hatashushia mbele ya ubao; atashushia nyuma ya mwamba au gizani. Baada ya misako ya zana haramu, ukiwemo ule wa Operesheni Sangara ya 2018, mtu yeyote mwenye kalamu mwaloni anaweza kudhaniwa ni wa doria. Kwa hiyo samaki wachanga wanaweza kupungua kwenye karatasi huku ziwani wanaendelea kuvuliwa. Mtafiti aliyeko ofisini ataona mstari wa urefu wa wastani wa samaki unapanda na kufurahi. Kijana wa BMU anajua kwa nini umepanda.

Dagaa nao wana kalenda yao. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti, kambi zinapumzika, watu wanashona nyavu. Siku za kupima zikiangukia mbalamwezi, mwalo uliojaa dagaa wiki mbili zilizopita utaandikwa kama hauna kitu. Mama yeyote anayeanika dagaa angemweleza mtafiti jambo hilo kwa sentensi moja, endapo angeulizwa.

Kwa maswali yangu matatu, njia hii inapata alama hivi. Swali ni la watafiti na serikali. Daftari linaondoka. Lakini jibu lina uzito mkubwa, kwa sababu namba hizo ndizo zinazowekwa mezani nchi tatu zinapojadili ukubwa wa matundu ya nyavu, urefu wa samaki au kupumzisha uvuvi. Namba mbovu inazaa kanuni mbovu, na kanuni hiyo itarudi mwaloni ikiwa na askari. Ndiyo maana nasema asiyependa kanuni za uvuvi ana sababu nzuri zaidi ya kushika ubao wa kupimia kuliko anayezipenda.

Sharti langu ni moja: kila ukurasa unaoondoka uache nakala mwaloni, hata kama ni picha ya simu. Na penye nafasi ya maelezo mwishoni mwa fomu, yaandikwe yale ambayo safu za namba hazibebi: "leo mbalamwezi", "doria ilipita jana", "mitumbwi mitatu imeshushia kwingine". Ng'ambo, Ziwa Albert upande wa Uganda, wananchi waliochaguliwa na kufundishwa wamekuwa wakikusanya na kuhesabu konokono wanaobeba kichocho kwenye maeneo watu wanakochota maji na kufua, wakituma matokeo kwa simu. Kazi ya namna hiyo inafaa sana kwa fukwe zetu, na anayeishi pale pale ataifanya mara nyingi zaidi kuliko timu inayosafiri kutoka mjini.

Kujitolea mwili kwa utafiti wa afya

Mwanza imeipa dunia mengi kwa njia hii, kuliko wakazi wake wengi wanavyojua. Kati ya 1991 na 1994, jamii 12 za mkoa huu zilipangwa katika jozi sita. Katika kila jozi, upande mmoja uliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye kituo cha afya na zahanati zake: dawa, mafunzo ya wahudumu, usimamizi. Upande wa pili ulingoja na kupata huduma hiyo baadaye. Matokeo yalichapishwa 1995, na yalionyesha kwamba penye tiba bora maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Miaka michache baadaye, Rakai nchini Uganda, utafiti mwingine wa kutibu watu wote kwa mkupuo haukuona punguzo kama hilo, na wanasayansi wakabishana kwa muda mrefu juu ya sababu. Kata ya Kisesa, Magu, nayo imefuatiliwa tangu 1994: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama.

Mfano wa karibuni unagusa karibu kila nyumba yenye binti. Kuanzia 2017, wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Swali lilikuwa kama dozi moja inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mbili au tatu. Dozi moja ilitoa kingamwili zilizodumu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, likitegemea ushahidi wa tafiti kadhaa, lilikubali ratiba ya dozi moja, na 2024 Tanzania ikahamia huko. Mzazi wa Igoma au wa Mbeya ambaye binti yake amechomwa sindano moja tu, kwa sehemu anawadai shukrani wasichana hao na wazazi wao walioweka saini.

Heshima hiyo ni yao, na inapaswa kutajwa hadharani zaidi ya inavyotajwa sasa. Lakini kama njia ya mwananchi kuwa na kauli katika sayansi, kujitolea peke yake ni njia nyembamba. Swali ni la mtafiti. Daftari ni la taasisi, na ni haki kabisa liwe siri, maana ni habari za miili ya watu. Ulinzi wa mshiriki upo kwenye ridhaa: kusomewa kwa lugha anayoielewa, kuuliza mpaka aridhike, kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu, na utafiti kuwa na kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa 1979. Huo ni ulinzi. Kauli ni kitu kingine.

Kauli inapatikana pale washiriki wanapojiunda. Katika miaka ya 2000 kulifanyika utafiti wa jeli ya kumkinga mwanamke na VVU katika nchi nne za Afrika, Mwanza ikiwa mojawapo ya vituo. Wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na vilabu vya pombe walichagua wawakilishi kata kwa kata, na wawakilishi hao wakaunda kamati ya jiji iliyokaa na watafiti. Walileta mezani yale yaliyokuwa yakisemwa vijiweni, hasa juu ya damu: inachukuliwa nyingi ya nini, inapelekwa wapi, haiuzwi? Mtafiti asiyeyasikia maswali hayo anaandika tu kwamba washiriki wamepungua. Akiyasikia, anabadili namna ya kueleza na namna ya kupima. Desemba 2009 majibu yalitangazwa: jeli ile haikuzuia maambukizi. Wanawake wale walikuwa wamesaidia dunia kuacha kutegemea dawa isiyofanya kazi, na hilo nalo ni tunda la sayansi.

Ukiombwa kushiriki utafiti wa afya, uliza kama kuna kamati ya ushauri ya jamii, nani aliichagua, na lini itarudi na majibu. Kama wajumbe waliteuliwa na ofisi tu, omba uchaguzi.

Kukaa kikaoni

Kwa sheria, hii ndiyo njia yenye meno kuliko zote. Ibara ya 146 ya Katiba ya 1977 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 18 inatambua haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe mradi unapofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Kijiji kina mkutano mkuu wake, na kinaweza kutunga sheria ndogo zikapitishwa na halmashauri.

Kwa vitendo, kikao mara nyingi kinashindwa kwa sababu moja: mtaalamu anakuja na majibu, mwananchi anakuja mikono mitupu. Chukua vizimba vya samaki, ambavyo serikali imevihimiza sana katika ziwa letu miaka hii. Mwekezaji anataka kuweka vizimba kwenye ghuba ya kijiji. Ripoti nene inasomwa, nusu yake maneno ya kitaalamu, kisha mwenyekiti anauliza, "Tumeelewana?" Wananchi wanapiga makofi, au wanakataa kwa hasira, na vyote viwili havimsaidii mtu.

Maswali yanayostahili kuulizwa yapo, na hayahitaji shahada. Kina cha maji chini ya vizimba ni mita ngapi msimu wa kiangazi? Maji pale yanatembea au yametuama? Oksijeni ilipimwa saa ngapi, maana alfajiri huwa chini kuliko mchana? Chakula kisicholiwa na kinyesi vitatuama wapi? Mitumbwi itapita wapi? Swali la oksijeni ni la kufa na kupona. Maji ya chini ziwani huwa na oksijeni kidogo. Upepo ukiyachafua yakapanda, samaki wa ziwani hukimbia, lakini waliofungiwa kwenye wavu hawana pa kwenda, na kizimba kizima kinaweza kufa kwa usiku mmoja. Wazee wa ghuba wanajua upepo upi huleta maji mazito yenye harufu na miezi ipi. Huo ni ujuzi wa miaka mingi ambao mtaalamu aliyekaa wiki moja hawezi kuwa nao, na kikao ndipo mahali pekee ambapo unaweza kuandikwa kwenye muhtasari rasmi.

Wapo waliokipa kikao nguvu zaidi. Denmark ilianza mwaka 1987 kuitisha mikutano ambayo kundi dogo la wananchi wa kawaida hupewa muda wa kujifunza suala, huchagua maswali, huwahoji wataalamu wa pande zote hadharani, kisha huandika maoni yao. Wanaokaa mbele kuhojiwa ni wataalamu. Wanaoandika hukumu ni wananchi. Kwa Afrika, mfano ninaoupenda ni wa Sikasso, Mali, Januari 2006. Wakulima walikaa kama jopo, wakawahoji wanasayansi na wengine juu ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, redio za eneo zikarusha, na mwisho wakasema hawayataki. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Lakini walijibu baada ya kusikia pande zote, na sauti iliyosikika ilikuwa yao.

Ningependa kuona Ukerewe au Buchosa wakiitisha jopo la namna hiyo kuhusu vizimba, na wanawake wanaonunua na kuanika samaki wakiwa nusu ya viti. Halmashauri ina mamlaka ya kulifanya. Hakuna sheria mpya inayohitajika.

Alama za njia hii: swali linaweza kuwa lenu mkilidai. Muhtasari unabaki kijijini. Anayelazimika kusikiliza yupo kwa jina na cheo: mtendaji, diwani, mkurugenzi. Kinachokosekana ni ushahidi wenu wenyewe, na ndipo tunapofika njia ya nne.

Kuanzisha uchunguzi wenu

Njia hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo ninayoitetea. Watu wanadhani uchunguzi unahitaji maabara. Baadhi unahitaji. Mwingi unahitaji kamba, daftari na mtu asiyechoka kurudia.

Sahani ya Secchi ndiyo mfano wangu. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padri na mwanasayansi wa Italia, alipima uangavu wa bahari kwa kushusha sahani majini na kuandika kina inakopotelea machoni. Kwa maziwa hutumika sahani ya sentimita 20, robo mbili nyeupe na robo mbili nyeusi. Fundi wa bati anaitengeneza kwa saa moja. Inatobolewa katikati, inafungwa kamba isiyovutika, na uzito chini yake ili isiyumbe. Kamba inawekwa alama kila sentimita 10. Mpimaji anakwenda kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, anaishusha upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua, mpaka sahani ipotee. Anaandika kina. Anaivuta taratibu mpaka ionekane tena. Anaandika. Katikati ya namba hizo mbili ndiyo kipimo cha siku hiyo. Wiki ijayo anarudi pale pale, na mvuvi yeyote anajua kurudi pale pale: analinganisha mwamba huu na mti ule.

Mwisho wa mwaka kikundi kina kitu ambacho ofisi nyingi hazina: rekodi ya maji ya ghuba yao, wiki kwa wiki. Vipimo vya aina hii ndivyo vilivyowawezesha watafiti kusema kwamba maji ya Ziwa Victoria yaliyopimwa mwishoni mwa miaka ya 1920 yalikuwa maangavu kuliko ya miaka ya 1990, baada ya mbolea, maji taka na udongo kulilisha ziwa na mwani kuongezeka. Marekani wananchi wa kujitolea wamekuwa wakipima maziwa yao kwa sahani hii katika mpango ulioanza 1994, na takwimu zao hutumika.

Mipaka ipo na lazima itamkwe. Sahani inaonyesha kwamba maji yamechafuka, haisemi na nini. Baada ya mvua kubwa, Mto Mirongo unaingiza matope mjini na Mto Simiyu unaingiza yake Ghuba ya Speke. Sahani itapotea mapema hata kama hakuna mwani. Kwa hiyo kando ya kipimo ziandikwe mvua ya wiki, upepo, rangi ya maji, magugu maji kama yapo. Na sahani haisemi kama maji ni salama kunywa. Anayetaka hilo aende maabara.

Kuna jambo la sheria pia, na watu wanalihofia. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yaliweka adhabu kwa kutoa takwimu zinazopotosha zile rasmi. Mwaka 2019 yalirekebishwa tena na masharti yakalegezwa. Ushauri wangu ni kuandika wazi juu ya kila karatasi: haya ni matokeo ya kikundi chetu, tumepima hapa, kwa chombo hiki, kwa namna hii. Msiyaite takwimu za wilaya. Na mualikeni anayewapinga achukue kamba hiyo hiyo apime mwenyewe. Akipata namba ile ile, hamna haja ya kupaza sauti.

Alama: swali ni lenu, daftari ni lenu. Lakini hakuna anayelazimika kuwasikiliza. Udhaifu huo ni mkubwa, na wengi wanaoanza kwa moyo wanakatia tamaa hapo.

Uchague ipi

Mtu mmoja mmoja mwenye kazi na watoto, asiye na kikundi, asijilaumu kwa kutoanzisha kitu. Ahudhurie mkutano mkuu na aulize swali moja lililoandaliwa. Akialikwa kwenye utafiti wa afya na ameelewa ridhaa, akubali akitaka. Hiyo inatosha.

Mwalimu wa sayansi mwenye wanafunzi karibu na ziwa aende moja kwa moja kwenye sahani na kipima mvua. Wanafunzi wanabadilika kila mwaka lakini daftari linabaki shuleni, na shule ina kitu ambacho vikundi vingi havina: ratiba.

BMU ambayo tayari inapima samaki isiiache kazi hiyo hata kama posho ni ndogo au haipo. Idai nakala, idai majibu, iandike maelezo ya pembeni. Kama lazima ichague kati ya kupima kwa ajili ya watafiti na kuanzisha uchunguzi wake, mimi nasema iendelee kupima, kwa sababu namba zake zinaingia kwenye maamuzi ya nchi tatu. Sahani inaweza kushikwa na vijana wengine.

Kijiji kinachokabiliwa na mradi, iwe vizimba, kiwanda au uchimbaji wa mchanga ufukweni, kisitegemee njia ya kwanza wala ya pili. Hakina muda. Kioanishe ya nne na ya tatu: kuanza kupima mara tu mradi unaposikika, kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa, kisha kupeleka daftari mkutanoni na kuomba namba zisomwe na kuingizwa kwenye muhtasari. Kipimo kilichoanza baada ya mradi hakina cha kulinganishwa nacho, na hapo kijiji kitabaki na maneno matupu mbele ya ripoti ya mwekezaji.

Wakati huo huo kiombe ripoti ya tathmini yenyewe kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombi liwe la maandishi, litaje waraka unaotakiwa kwa jina lake, liwe nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi kwenu, kwa sababu ofisi ina siku 30 za kujibu, na muhuri huo ndio utakaoonyesha zilianza kuhesabiwa lini.